Khofu ya Utasa Mbele ya Kisu: Uvimbe wa Vifuko vya Mayai na Binti Zetu wa Buha

Katika vijiji vya Murungu, na katika nchi yote ya Buha tangu Kibondo mpaka Kasulu, kama ilivyo katika sehemu nyingi za Tanzania, neno "kizazi" limebebeshwa mzigo mkubwa. Tumbo la uzazi laitwa kizazi. Watoto waitwa kizazi. Na uvimbe wowote utokeao chini ya kitovu cha mwanamke husemwa kuwa ni ugonjwa wa kizazi. Basi binti akiambiwa na daktari kuwa ana uvimbe ambao hauna budi kutolewa kwa kisu, khabari hiyo hata kufika nyumbani huwa imekwisha kugeuka, nayo ni hii: "Fulani anakwenda kutolewa kizazi." Na huyo fulani pengine ni mke wa miaka miwili tu, wala hajapata mtoto.

Tumeona yatupasa kulisema jambo hili waziwazi katika nyumba za Waislamu, kwa sababu mbili. Ya kwanza, wako mabinti wanaokimbia hospitali kwa khofu hiyo, wakabaki na uvimbe mpaka ukawaletea hatari ambayo ingaliweza kuepukwa. Ya pili, wako waume na mama wakwe wanaohukumu kabla ya daktari kusema neno. Haya katika dini hapana, soni isimzuie mtu kujifunza; wanawake wa Ansari walisifiwa na Bibi Aisha (r.a.) kwa sababu hiyo hiyo, kwamba haya yao haikuwazuia kuuliza.

Kwanza tuvijue viungo. Mwenyezi Mungu amemwumba mwanamke na tumbo la uzazi moja, ambalo ndilo nyumba ya mtoto. Na kila upande wa tumbo hilo pana mrija mmoja. Na karibu na ncha ya kila mrija pana kifuko kimoja cha mayai, ambacho madaktari hukiita ovari. Kila kifuko urefu wake ni kama sentimita 3, kadiri ya tende ndogo. Humo ndimo yalimo mayai ambayo msichana huzaliwa nayo yote, wala hayaongezeki tena baada ya kuzaliwa. Uvimbe tunaousema hapa hutokea katika kifuko cha mayai, si katika tumbo la uzazi. Mwenye kulishika neno hili moja amekwisha kuondokewa na nusu ya khofu yake, kwani kutoa uvimbe wa kifuko si kutoa kizazi.

Tena si kila uvimbe ni ugonjwa. Kila mwezi, yai linapoiva, hufanyika ndani ya kifuko kijipovu cha maji ambacho hukua hata kufika kama sentimita 2, kisha hupasuka na kulitoa yai. Mara nyingine kijipovu hicho hakipasuki kwa wakati wake, kikaendelea kukua. Huo nao huitwa uvimbe, na mwanamke huambiwa hivyo anapopigwa picha ya utrasaundi. Lakini aghalabu hunywea wenyewe katika muda wa miezi miwili au mitatu. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, uvimbe wenye maji matupu usiozidi sentimita 5 kwa kawaida huachwa bila kuguswa. Kwa hiyo daktari akisema, "Nenda, urudi baada ya miezi mitatu tupige picha tena," asidhaniwe kuwa hajui kazi yake au kuwa anamfukuza mgonjwa. Kungoja huko ni sehemu ya matibabu.

Lakini uko uvimbe mwingine usioondoka wenyewe. Mmoja una damu nzito iliyokaa, rangi yake kama ya kahawa iliyochemshwa sana, nao huambatana na maumivu makali ya hedhi. Mwingine una maji au ute, na huo waweza kukua mno. Na wa tatu ndio uletao fitina kubwa kuliko yote, kwa maana ukikatwa huonekana ndani yake mafuta, na nywele, na pengine meno. Huu huwapata khasa wanawake vijana.

Hebu wasomaji wetu wafikiri: binti wa Murungu amepasuliwa, nao ndugu waliosimama mlangoni wameonyeshwa bakuli lenye shungi la nywele na jino. Nani atawazuia wasiseme kuwa amerogwa? Jioni hiyo hiyo atatajwa mke mwenza, au bibi kizee wa jirani, na udugu wa miaka mingi utavunjika. Ilhali maelezo yake yajulikana. Chembe za mayai zina uwezo, aliotia Muumba, wa kufanya kila namna ya nyama ya mwili: ngozi, nywele, mfupa, jino, maana mtoto mzima hutokana nazo. Mara nyingine chembe moja huanza kazi hiyo mahali pasipo pake na bila utaratibu, wala hapana mimba wala mtoto. Hutokea kwa wanawake wa London na wa Makka kama itokeavyo kwa wanawake wa Kibondo. Kumsingizia mtu uchawi kwa jambo hili ni dhulma, na dhulma hiyo itaulizwa Siku ya Kiyama.

Ule uvimbe mkubwa wenye maji au ute nao una fitina yake, kwani tumbo hufura hata watu wakadhani ni mimba. Khabari mashuhuri kuliko zote katika mlango huu ni ya mwanamke wa Marekani, Bibi Jane Todd Crawford, aliyekaa katika jimbo la Kentucky. Mwaka 1809 tumbo lake lilikuwa limekua mno, na waganga wa kwao wakasema ana mapacha waliopitisha siku zao. Akaitwa daktari Ephraim McDowell, akamkagua, akamwambia kweli: hapana mtoto, ni uvimbe wa kifuko cha mayai, na hapana mtu aliyewahi kuutoa uvimbe kama huu mgonjwa akapona, lakini akitaka, yeye atajaribu. Yule bibi akapanda farasi, uvimbe umemwegemea juu ya tandiko, akasafiri kama maili 60 wakati wa baridi mpaka mji wa Danville. Mwezi wa Desemba akapasuliwa juu ya meza. Dawa ya usingizi ilikuwa haijajulikana. Kuonyeshwa kwake mbele ya watu huko Boston kulikuwa mwaka 1846. Kazi ilichukua dakika 25. Uvimbe ulipopimwa ulikuwa paundi 22 na nusu, yaani zaidi ya kilo 10. Siku ya tano daktari alimkuta amesimama anatandika kitanda chake mwenyewe. Akaishi zaidi ya miaka 30 baada ya hapo, akafa mwaka 1842.

Hatukuileta khabari hii ili kuwatukuza watu wa mbali. Katika nchi za maziwa yetu haya haya, huko Bunyoro, mwaka 1879, mgeni mmoja aitwaye Robert Felkin alishuhudia mganga wa kienyeji akimpasua mama aliyeshindwa kuzaa, amemnywesha pombe ya ndizi ili kumlegeza, na pombe hiyo hiyo akaoshea mikono yake na tumbo la mgonjwa. Mama na mtoto walikuwa hai siku Felkin alipoondoka. Na kabla ya hao wote, huko Andalusia, Abulqasim Az-Zahrawi, aliyefariki karibu na mwaka 1013, aliandika kitabu cha At-Tasrif ambacho sehemu yake ya mwisho ni ya upasuaji, pamoja na picha za vyombo vyake. Kitabu hicho kilisomwa Ulaya kwa karne nyingi. Kisu cha tiba basi si kitu kigeni, si katika Afrika wala katika Uislamu.

Watu wa Kigoma wanalo la kujivunia katika jambo hili. Dakta Godfrey Mbaruku, aliyekuwa mganga wa wanawake katika hospitali ya mkoa huko Kigoma, alipoanza kazi alikuta wazazi wengi wakifa. Yeye na wenzake hawakungoja fedha za wageni. Walitengeneza vyombo vilivyoharibika, wakasimamia damu na dawa zipatikane, wakahimiza wafanyakazi wawe mahali pao. Kati ya mwaka 1984 na 1991 vifo vilipungua kutoka 933 hadi 186 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na khabari yao ikachapishwa ng'ambo mwaka 1995, yeye pamoja na Staffan Bergström. Kadhalika, uchunguzi uliotolewa mwaka 2009 juu ya hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kuwa madaktari wasaidizi, ambao ndio waliokuwa wakifanya sehemu kubwa ya upasuaji wa wazazi wilayani, kazi yao haikuwa duni kuliko ya madaktari kamili. Twayasema haya kwa sababu wapo waaminio kuwa nje ya Dar es Salaam hapana mkono wa kuaminika.

Sasa tuje katika swali lenyewe, lile ambalo binti hulilalia na kuamka nalo: Je, nitazaa?

Upasuaji ni wa namna mbili. Katika ya kwanza daktari huubandua uvimbe peke yake, akakiacha kifuko mahali pake, akakishona. Kwa binti ambaye bado anataka kuzaa, namna hii ndiyo hutangulizwa kila inapowezekana. Katika ya pili kifuko chote hutolewa, ama kwa kuwa kimejinyonga na kuoza, ama kwa kuwa uvimbe umekila chote, ama kwa kuwa pana dalili ya saratani. Hata hapo, kifuko kimoja kikitoka, cha pili hushika kazi. Hedhi huendelea kuja kila mwezi, na wanawake wengi sana wenye kifuko kimoja huchukua mimba kama wenzao. Pengine hedhi yao hukoma mapema kidogo uzeeni. Aliyetolewa vifuko vyote viwili ndiye asiyeweza tena kutoa yai, naye hukoma hedhi mara moja. Lakini kwa mwanamke kijana jambo hilo halifanywi ila kwa dharura kubwa.

Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwa kuwapa utamu mtupu. Kuubandua uvimbe kwaweza kuondoka na sehemu ya mayai yaliyo karibu nao, na khasa ule uvimbe wa damu ya rangi ya kahawa, ambao maradhi yake yenyewe hupunguza uzazi hata bila kisu. Tena kovu la ndani laweza kunatisha mirija. Ndiyo sababu binti mwenye uvimbe wa namna hiyo aulize mapema kama ni lazima akatwe, au kama yafaa kujaribu kwanza kupata mimba, au kutumia dawa. Uvimbe mmoja haufanani na mwingine, na jirani aliyepasuliwa mwaka jana si daktari.

Lakini kukimbia nako kuna bei yake. Uvimbe mzito waweza kukifanya kifuko kijinyonge juu ya shina lake, damu isipite. Dalili yake ni maumivu makali ya ghafula upande mmoja wa tumbo, pamoja na kutapika. Hapo saa huhesabiwa: akiwahi, daktari hukinyongoa na kifuko kikapona, akichelewa, hufa na kutolewa. Basi yule aliyeogopa hospitali asije akapoteza kifuko, huenda akakipoteza kwa kuogopa kwake. Wala tumbo lenye uvimbe lisikandwe wala kuminywa na mkandaji, maana uvimbe huweza kupasuka ndani. Na bibi aliyekwisha kukoma hedhi, akiona tumbo linafura au anashiba kwa matonge mawili, asingoje hata kidogo, kwani katika umri huo shaka ya saratani huwa kubwa zaidi.

Sheria yetu yasemaje? Mtume (s.a.w.) aliwaamuru watu wajitibu, alipougua Saad bin Abi Waqqas alimwelekeza kwa tabibu Harith bin Kalada, na kwa Ubayy bin Kaab alimpeleka tabibu aliyemkata mshipa. Na wanavyuoni, miongoni mwao Imamu Ghazali, wamehesabu mambo matano ambayo sheria imekuja kuyahifadhi: dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Nafsi imetangulia kizazi. Mwanamke hatakiwi kuutoa uhai wake sadaka kwa ajili ya mtoto asiyekuwapo bado.

Juu ya kuonwa na daktari mwanamume, Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu liliamua mwaka 1993, katika kikao chake cha Brunei: atafutwe kwanza daktari mwanamke Mwislamu, asipopatikana, mwanamke asiyekuwa Mwislamu aliye mwaminifu, kisha mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiyekuwa Mwislamu, asione ila panapohitajiwa, na awepo mume au maharimu au mwanamke mwaminifu. Katika milima ya Buha, ambako hospitali ya Kabanga ni ya Kanisa Katoliki na ambako madaktari wa upasuaji ni wachache, mpango huo wa daraja ni rehema. Mume asiseme, "Mke wangu hataguswa na mwanamume," kisha akamwacha alie usiku kucha. Na ikiwa baada ya yote mimba haiji, baraza hilo hilo huko Amman mwaka 1986 lilikubali yai la mke na mbegu ya mume zikutanishwe nje ya mwili, ndoa yao ikiwapo, bila mtu wa tatu kuingia kati. Kupandikiza kifuko cha mayai cha mwanamke mwingine lilikukataza mwaka 1990, kwa kuwa nasaba huchanganyika.

Ni lazima tuseme neno na waume, na tutalisema bila kupaka asali. Ndoa yakawiapo kupata mtoto, karibu nusu ya nyumba hizo mume naye ana sehemu yake katika sababu. Lakini ni wangapi waliokubali kupimwa? Mke hupelekwa kwa huyu na yule, hunyweshwa majani, hupigiwa ramli iliyokatazwa. Naye bwana hukaa barazani akihesabu miezi, na pengine amekwisha kutafuta mke wa pili. Kuoa mke wa pili sheria imeruhusu. Kumtisha mke kwa jambo hilo usiku wa kuamkia operesheni, hiyo twaiita ukatili.

Na mama mkwe aseme nini na mkaza mwana? Amkumbushe nyumba ya Mtume mwenyewe. Wake zake wote aliowaoa baada ya Bibi Khadija (r.a.) hawakumzalia mtoto, aliyemzalia baada yake ni Mariya wa Misri. Bibi Aisha hakuzaa kabisa. Hakuachwa, wala hakudharauliwa, wala hakuitwa mti usiozaa. Alipoona wenzake wana majina ya umama, Mtume alimpa jina la Ummu Abdillahi, kwa mwana wa dada yake, Abdullahi bin Zubair. Na elimu waliyoipata Waislamu kutoka kwake yasomwa mpaka leo. Nabii Zakaria naye aliomba mtoto nywele zimekwisha kuwa nyeupe. Dua haijafungwa na kisu cha daktari.

Yabaki mambo ya njia na ya nyumbani. Kutoka Kibondo mpaka Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200, na masika yakianza safari huwa nzito; kwa hiyo operesheni isiyo ya haraka ipangwe, kama daktari akubali, wakati wa kiangazi, na nauli pamoja na fedha za chakula cha msindikizaji zitengwe mapema. Ndugu wawili wajitolee kupimwa damu. Kabla ya kutia saini hati ya ridhaa, mgonjwa mwenyewe, wala si mumewe peke yake, aulize: uvimbe wangu ni wa namna gani? Utatoa uvimbe tu au kifuko kizima? Ukikuta ndani jambo jingine, utafanya nini? Aseme wazi kuwa anataka kuzaa, ili neno hilo liandikwe.

Akirudi Murungu, kama alipasuliwa kwa mkato mkubwa, kwa muda wa kama wiki sita asibebe ndoo ya maji wala mzigo wa kuni, wala asishike jembe. Hili huonekana jepesi katika karatasi, lakini katika milima ile maji yako bondeni, na mihogo na maharage hayangoji. Shemeji na mawifi wagawane kazi tangu kabla hajaondoka. Sala asiache: asali ameketi au amelala kadiri awezavyo, na kwa jeraha lisiloruhusiwa kuguswa na maji amwulize shekhe wa karibu naye juu ya kupaka na kutayamamu. Damu ya jeraha la tumbo si hedhi.

Na karatasi ya hospitali, ile iliyoandikwa kilichotolewa na kilichobaki, aitie katika mfuko wa nailoni na kuifungia sandukuni pamoja na cheti chake cha ndoa. Siku atakapokwenda kliniki ya wajawazito, inshallah, mkunga ataiomba.